Mnatualika tucheze na kazi zenu za sanaa, zikivunjika mnasema hatuna ustaarabu. WAANDAAJI WA MAONYESHO ACHENI HIZO!

Wakuu, hili limenifika kooni. Maonyesho yanafunguliwa na bango kubwa "Karibu uguse". Baada ya siku chache kazi imezungushiwa kamba, imebandikwa karatasi "HAIFANYI KAZI", na lawama zote kwa watazamaji. Watu wamefanya kile kile mlichowaomba! Aliyezembea ni aliyejenga, pamoja na aliyempitisha bila kukagua.

Na msiseme ni tabia ya Waswahili. Mwaka 1971 msanii wa Marekani Robert Morris aliweka kwenye jumba la sanaa la Tate, London, mbao za kupanda, kusawazisha mwili na kuteleza. Watu walicheza kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa, wengine wakaumia, na baada ya siku nne pakafungwa. Kazi hiyo iliporudishwa mwaka 2009, ilijengwa upya kwa vifaa salama zaidi. Oktoba 2010, Tate Modern, jumba jingine la sanaa la London, msanii wa China Ai Weiwei alimwaga mbegu milioni 100 za kauri watu wazikanyage. Kauri ikisagana inatoa vumbi, ukumbi umefunikwa, vumbi linaingia mapafuni. Haikuchukua siku nyingi, kukanyaga kukapigwa marufuku.

Sasa tuje kwenye bembea, maana ndiyo mnayoipenda. Mtu wa kilo 80 akibembea hadi kamba ilale usawa wa tundiko, akipita chini anavuta mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 240. Nanyi mmetundika kwa kulabu iliyo wazi! Kulabu inafunguka taratibu, kamba inasuguliwa pale pale inapopinda, nje huoni kitu. Wekeni bolti ya pete iliyofungwa, pingu ya chuma ya kuunganishia (shackle) yenye pini iliyokazwa kwa waya, na nati ya kujifunga, kwa sababu nati ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Pigeni hesabu ya watu wazima watatu juu ya kiti kimoja. Watapanda tu.

Plaiwudi: viringisheni kingo, pigeni msasa namba 80, 120, kisha 180, halafu vanishi, msasa mwepesi, vanishi tena. Mkiruka hapo, vibanzi vitaingia viganjani mwa watoto.

Vitufe navyo! Mtoto habonyezi, anapiga ngumi. Kinachokufa mara nyingi si kitufe, ni waya uliolehemiwa nyuma yake ukakazwa bila kuachiwa ulegevu. Acheni kitanzi cha waya, kibaneni kwenye ubao, na wekeni vitufe vya akiba kwenye droo. Kubadilisha ni dakika kumi, lakini nyie mnabandika karatasi.

Anayetaka mfano mzuri amtazame msanii wa Japani Yayoi Kusama, Brisbane, Australia, 2002: chumba cheupe chote, samani nyeupe, watoto wanapewa stika za duara za rangi na kubandika popote. Kuharibu weupe ndiyo kazi yenyewe, na kifaa cha kuchezea ni stika.

Kwa hiyo waandaaji, jibuni hapa hapa bila kuzunguka: nani anakagua bolti asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa? Daftari la ukaguzi liko wapi? Na pesa ya vipuri mmeitenga, au yote imeishia kwenye vitafunwa vya ufunguzi?