Kuacha kazi ya tafsiri katikati ya mkataba bila kuharibu jina

Muuliza swali, Dar es Salaam

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mtafsiri wa kujitegemea. Nilisaini mkataba wa miezi sita na shirika moja lisilo la kiserikali wa kutafsiri vijitabu 12 vya mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, nikilipwa kila kijitabu kinapokubaliwa. Nimekwisha kukabidhi vinne, na cha tano kiko mezani. Tatizo ni kwamba vijitabu vimekuwa vinene kuliko sampuli niliyooneshwa tulipopatana bei, na kila kinachorudi kutoka kwa wahakiki huja na aya mpya ambazo hazikuwamo mwanzoni, nami nazitafsiri bila nyongeza yoyote. Wakati huohuo nimepata kazi nyingine yenye malipo bora, na zote mbili siziwezi.

Mkataba unaruhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi ya maandishi ya siku 30. Hofu yangu basi si mahakama bali ni jina, kwa kuwa watafsiri wa afya hapa mjini tunafahamiana na nusu ya kazi zangu huja kwa kupendekezwa. Nimeshawishika kuandika kwamba ninauguliwa na mama ili niondoke bila maneno. Mnanishauri nini?

Mtafsiri na mkalimani, Arusha

Dada yangu, mama muache apumzike. Miaka kadhaa iliyopita niliacha kazi ya mteja mmoja kwa kusema kwamba nasafiri kwa muda mrefu, na wiki ya tatu nikaitwa kukalimani katika mkutano hapahapa Arusha. Nimo ndani ya kibanda cha wakalimani, vipokea sauti masikioni, nainua macho namwona mratibu wa yule mteja ameketi safu ya mbele akisikiliza sauti yangu. Hakusema lolote, alinisalimia vizuri tu wakati wa chai, lakini kazi kutoka kwake sijaiona tena hadi leo.

Ukweli hauna haja ya kusemwa wote. Inatosha kuandika kwamba ratiba yako haikuruhusu tena kuzifanya kazi zilizobaki kwa kiwango walichokizoea, kisha utaje tarehe ya mwisho ya kazi na vijitabu utakavyovikamilisha kabla ya siku hiyo. Habari za malipo bora ya kwingine hazimsaidii mteja kwa chochote. Ila kabla ya kutuma barua, piga simu: mtu aliyekuamini kwa miezi asikutane na notisi yako kwenye baruapepe asubuhi ya Jumatatu kama bili ya maji.

Mratibu wa miradi, Dodoma

Naandika nikiwa upande wa pili wa meza, maana mimi ndiye huwaajiri watafsiri kwa mikataba kama huu. Kwanza nina swali: uliwahi kuwaambia kwa maandishi kwamba vijitabu vimenenepa? Huenda mratibu wako hajui kabisa, kwa sababu wahakiki hurudisha mafaili moja kwa moja kwako naye huona ankara tu. Nimewahi kuongeza malipo katikati ya mkataba kwa mtafsiri aliyeniletea hesabu ya maneno ya sampuli na ya kijitabu halisi, bega kwa bega. Ukiwa umekwisha kuamua kuondoka, sawa, lakini mtajie unene huo bila lawama, kwa sababu atakayekurithi atakumbana nao.

Pili, kinachotuumiza si kuondoka kwa mtu, ni kuondoka na kichwa chake. Mtafsiri mmoja alituachia mafaili mazuri bila orodha ya istilahi. Katika vijitabu vya mwanzo tulikuwa tumekubaliana kuandika «mjamzito» badala ya «mama mjamzito», kwa kuwa wapo wajawazito wasichana wadogo ambao hawajawa mama wa mtu. Aliyempokea hakujua, akarudisha «mama mjamzito» kila mahali, na tuligundua baada ya kuchapa. Kwa hiyo andaa orodha ya istilahi, kumbukumbu ya tafsiri (faili la sentensi za asili pamoja na tafsiri zake) kama unatumia programu, na ukurasa mmoja wa maamuzi mliyofikia na wahakiki. Mafaili uyape majina yanayoeleweka, yaani lisiwepo linaloitwa «MWISHO KABISA 3». Kisha msaini hati ya makabidhiano, kila upande ubaki na nakala.

Ukimpendekeza mwenzako, mpendekeze yule ambaye kazi yake umeisoma kwa macho yako.

Wakili, Dar es Salaam

Nyongeza fupi ya kisheria. Wengi huchanganya notisi ya mkataba kama wako na ile ya siku 28, ambayo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Wewe unaongozwa na mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, na katika kuikadiria huangaliwa pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Ukitumia kipengele cha notisi na kuheshimu siku zake hujavunja chochote. Ukiondoka kabla ya siku hizo, hapo ndipo hoja ya fidia inapoanza. Soma pia kama notisi huhesabiwa tangu siku ya kuituma au ya kupokelewa. Ankara ya kijitabu cha tano ipeleke ndani ya kipindi cha notisi, na kodi ya zuio, yaani ile anayoikata mteja kwenye malipo yako, ikikatwa dai cheti chake kabla hamjaachana, kwani kukifuatilia baadaye ni usumbufu.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Nilipiga simu jana nikiwa na ile hesabu ya maneno mbele yangu: sampuli ilikuwa na maneno 4,100, kijitabu cha nne kina 7,350. Kweli mratibu hakuwa anajua. Ameomba nikamilishe cha sita kwa bei mpya kabla siku 30 hazijaisha, nami nimekubali. Barua imetumwa leo asubuhi, na sasa naandika ule ukurasa wa maamuzi, ambao umekwisha kuwa kurasa tatu.