Prosesa inafika nyuzi 100 nikicheza gemu: ni joto la Dar au kuna kitu kimekufa?

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa kompyuta za gemu, maana nimekwama.

Mashine nimeiunga mwenyewe, vipuri vingi vya mtumba: Core i7-10700F, ramu gigabaiti 16, kadi ya picha GTX 1660 Super, pawa saplai ya wati 550. Kipozeo ni kile kidogo cha mviringo kinachokuja kwenye boksi la prosesa. Kasha lina kioo ubavuni na kioo mbele, feni mbili mbele na moja nyuma.

Nikifungua Cyberpunk 2077, haipiti muda prosesa inasoma 98, 99, mpaka 100. Gemu inaanza kukatakata, fremu zinashuka kutoka 60 hadi 20 na kitu, zinarudi, zinashuka tena. Wiki hii mashine imejizima yenyewe mara mbili. Hata nisipocheza, nikiwa nasoma tu mtandaoni, inakaa 58 mpaka 65, na feni haipumziki.

Nilimpelekea fundi mmoja. Hakuifungua. Akaniambia Dar kipindi hiki joto ni kali, kipozeo cha boksi hakiwezi, ninunue cha maji, laki mbili na themanini, ufundi mbali. Hela hiyo sina kwa sasa, na hata nikiipata nataka iende mahali sahihi. Mashine hii nimeichanga kipuri kimoja kimoja kwa miaka miwili, naogopa kuiua kwa kukisia. Je, ni kweli joto la hapa linaweza kufanya hivi? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Waya

Pole mkuu. Usinunue chochote kwanza.

Prosesa hiyo ukomo wake ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguzia kasi ili ipoe, ndiyo maana unaona fremu zinashuka na kurudi. Ikizidiwa hata baada ya kujipunguza, inakata kabisa ili isiungue. Kwa hiyo mpaka sasa inafanya kazi yake ya kujilinda, haijafa.

Nijibu mambo matatu. Tatizo lilianza lini, na nini kilitokea kabla yake? Chumba chako kina nyuzi ngapi unapocheza? Na hili ndilo nalitaka zaidi: joto linapanda vipi? Linaruka kwa mara moja, au linapanda kidogo kidogo kwa dakika kumi, kumi na tano?

Chuma_Cha_Reli

Mimi naungana na fundi. Niliwahi kuwa na prosesa ya namna hiyo, nikahangaika na pesti (ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite) na kusafisha, mwisho nikaweka kipozeo cha maji na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. i7 yenye viini nane juu ya kile kipozeo kidogo ni kumwonea.

Mzee_wa_Waya

Chuma, kipozeo cha maji si kibaya, na kile cha boksi kweli ni kidogo kwa prosesa hiyo. Lakini angalia 58 mpaka 65 akiwa anasoma tu mtandaoni. Hapo prosesa inakula wati chache mno. Kipozeo cha boksi, hata kiwe kidogo vipi, kazi hiyo hakishindwi. Kuna kitu kingine hapo.

Halafu hili la joto la Dar tulipigie hesabu, maana kila mashine ikichemka hapa mjini lawama inaenda kwa hali ya hewa. Kipozeo cha upepo hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiongezeka nyuzi 7, prosesa nayo inapanda kama nyuzi 7 hivi. Iliyokuwa 75 inakuwa 82. Inauma, lakini haiwi 100.

Kijana_wa_Mbagala

Nashukuru sana Mzee. Majibu:

Chumba nimepima kwa kipimajoto cha ukutani, nyuzi 31 usiku madirisha yakiwa wazi.

Lilianza lini: sikuwahi kuliona nilipokuwa Morogoro. Kule ilikuwa inacheza 78, 80 kwa gemu hii hii. Nimehamia Dar mwezi uliopita, ndiyo maana nikaamini ni joto la hapa. Mashine ilikuja na basi, ndani ya boksi la televisheni, chini kwenye buti pamoja na mizigo mingine.

Inavyopanda: sikuwa nimeangalia. Nifanyeje kupima vizuri?

BintiKisauni

Kaka, umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye basi.

Kile kipozeo cha boksi hakishikwi na skrubu. Kina miguu minne ya plastiki inayopenya kwenye matundu ya mazabodi (bodi kuu ya mashine) na kujitanua kwa nyuma. Mguu mmoja ukichomoka, kipozeo kinainuka upande mmoja unene wa karatasi tu, na kwa macho huoni kitu. Lakini karatasi hiyo ya hewa inatosha kulizuia joto lisitoke. Mimi natengeneza kompyuta hapa Mombasa, na mashine nyingi zinazoletwa "zimeharibika" baada ya kuhama nyumba ugonjwa wake ni huo.

Upimaji fanya hivi. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, isome kila sekunde moja. Iache mashine itulie dakika tano, kisha anzisha Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, macho yakiwa kwenye namba. Kipozeo kikiwa kimegusa vizuri, joto litaruka kiasi halafu litapanda polepole, kwa sababu chuma chote kile lazima kipate moto kwanza. Kikiwa hakijagusa, namba inaruka hadi ukomo ndani ya sekunde mbili tatu.

Na kuna kipimo cha mkono, mimi ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Ikishafika 99, zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua ubavu na uguse mapezi ya kipozeo (vile vibati vyembamba) hapo hapo. Prosesa ikiwa inasoma 99 na kipozeo ni vuguvugu tu, basi joto halikifikii.

Kijana_wa_Mbagala

Dada, nimefanya. Nilianza na 61. Nilipobonyeza Cinebench, sekunde ya pili tu ikasoma 97, kisha 100. Haikupanda, iliruka. Nikaisimamisha, ikashuka hadi 66 haraka vile vile.

Nimezima, nimechomoa, nimegusa. Mapezi hayana moto hata wa kikombe cha chai. Nimeshangaa kabisa.

Niling'oe? Sijawahi kugusa kipozeo, aliyeniungia sehemu hiyo ni rafiki yangu.

BintiKisauni

King'oe, usiogope, ila kwa utaratibu. Iwashe dakika chache kwanza ili pesti ilainike, kisha zima na uchomoe waya wa ukutani. Chomoa waya wa feni kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN na ukumbuke ulivyokaa. Vichwa vya miguu vina mshale; zungusha kila kimoja kuelekea unakoonyesha mshale, kisha vuta juu. Kipozeo usikinyanyue moja kwa moja, kizungushe kidogo kulia na kushoto kiachie. Prosesa yako imebanwa na fremu ya chuma, haiwezi kutoka nacho. (Anayesoma hapa mwenye prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4 awe mwangalifu zaidi: zile huweza kung'oka pamoja na kipozeo na kupindisha pini.)

Pesti ya zamani ifute yote, juu ya prosesa na chini ya kipozeo, kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kitakasa mikono usitumie, kina gliserini na huacha utelezi. Na ukimsikia mtu anakushauri dawa ya meno, mpite. Inakauka siku chache tu na unarudi pale pale.

Pesti mpya, kiasi cha punje ya njegere ndogo, katikati. Usiipake kama siagi, kipozeo chenyewe kitaitandaza.

Kabla ya kurudisha, zungusha vichwa vyote vya miguu virudi mahali pake, kinyume cha mshale. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanabonyeza mguu uliofunguka. Bonyeza miguu kwa kukingama, wa juu kushoto kisha wa chini kulia, halafu miwili iliyobaki, mpaka kila mmoja ulie "tak". Mwisho angalia nyuma ya mazabodi: miguu yote minne iwe imetokeza na kutanuka sawasawa. Usiporidhika na mmoja, ng'oa uanze upya na pesti mpya.

Nahodha_wa_Unguja

Niongeze dogo. Ukiwa umeshafungua, puliza na vumbi. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza. Kwetu huku karibu na bahari chumvi inashikana na vumbi, inakuwa kama utando. Kwa hiyo pitisha na brashi laini kwenye mapezi, upepo peke yake hautoshi.

Kijana_wa_Mbagala

Ndugu zangu, nimerudi.

Miguu miwili ya upande wa chini ilikuwa imeachia. Mmoja ulikuwa umetoka kabisa, wa pili umeshikilia nusu. Pesti chini ya kipozeo imebaki alama ya mwezi, upande mmoja imekandamizwa vizuri, upande wa pili nene na imekauka kama chokaa. Nimetumia saa mbili na nusu, mguu mmoja ulinisumbua ikabidi nianze upya.

Sasa: bila kucheza, 41. Gemu ile ile, dakika kumi za mwanzo, 81. Gemu haikatiki. Nilikaa nikaiangalia ile namba tu, wakuu, sikucheza.

Ila kuna jambo. Nilipoendelea kwa saa nzima ilipanda taratibu, 84, 87, ikakaa kwenye 91. Haijafika 100, lakini Morogoro haikuwa hivyo. Hii 31 ya chumba inaweza kuwa ndiyo iliyobaki?

Mzee_wa_Waya

Safi sana mkuu, na BintiKisauni apewe maua yake.

Umeona tofauti? Mwanzo iliruka, sasa inapanda taratibu. Ule ulikuwa ugonjwa wa mgusano, huu wa sasa ni wa hewa ndani ya kasha. Kadi yako inatoa hadi wati 125 na yote inamwagika humo humo ndani, ikikosa njia prosesa inaivuta tena. Sehemu ya hizo nyuzi ni za chumba kweli, lakini si zote.

Jaribu hivi: cheza saa nzima ubavu wa kasha ukiwa wazi. Ikishuka nyuzi nyingi, kasha halipumui. Halafu kata kipande cha karatasi laini ukisogeze kwenye kila feni. Za mbele zikivute ndani, ya nyuma ikisukume nje.

Kijana_wa_Mbagala

Ubavu wazi: 82 baada ya saa nzima. Nyuzi 9!

Karatasi: feni ya nyuma inavuta ndani. Zote tatu zinaingiza hewa, hakuna inayotoa. Nakumbuka niliisafisha kabla ya safari, nadhani niliirudisha kinyume.

Nahodha_wa_Unguja

Geuza. Upande wenye vile vibao vinavyoshikilia mota katikati ndiko upepo unakotokea, kwa hiyo upande huo uangalie nje ya kasha. Na hicho kioo cha mbele kama kinatoka, kitoe uone. Kasha nyingi za kioo mbele zimeacha upenyo mdogo pembeni, feni zinahangaika kuvuta hewa isiyokuwepo. Mimi changu nilikitoa nikafunga wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Haupendezi, lakini hewa inapita na vumbi linabaki nje.

Chuma_Cha_Reli

Nakubali, nilikosea kukimbilia kipozeo cha maji. Nafikiri hata kwangu ilikuwa pesti na mgusano, nikanunua dawa ya ugonjwa nisioupima.

Ila nikuongezee la baiosi, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe. Intel imeiwekea prosesa hiyo kikomo cha wati 65 kwa muda mrefu, na 224 kwa muda mfupi wa sekunde 28 hivi. Mazabodi nyingi huja zikiwa zimekiondoa kikomo hicho, prosesa inakula itakavyo muda wote. Ingia baiosi, tafuta kikomo cha wati cha muda mrefu, andika 65. Cha muda mfupi weka hata 120.

Kijana_wa_Mbagala

Nimegeuza feni ya nyuma na kioo cha mbele nimekitoa. Saa nzima ya kucheza, ubavu umefungwa: 83.

Kisha baiosi. Kikomo kilikuwa kimewekwa 4095, yaani hakuna kikomo. Nimeandika 65 na 120 kama alivyosema Chuma. Saa nzima: 74. Fremu zimebaki zile zile 60, nadhani kadi ya picha ndiyo inayobana. Cinebench imeshuka alama, hilo nimeliona, lakini mimi siyo mtu wa kuhariri video.

Jumla nimetumia pesti ya elfu kumi na mbili na alkoholi. Swali la mwisho: mwezi wa tano nitakwenda Morogoro na mashine tena, kwa basi. Nifanyeje isirudi kule kule?

BintiKisauni

Ilaze, kaka. Kasha lilale ili mazabodi iwe chini na kipozeo kikae juu yake, uzito wake uwe unaikandamiza prosesa. Likisimama wima, kipozeo kinaning'inia na kila tuta linavuta miguu. Kadi ya picha itoe uisafirishe peke yake ndani ya nguo. Na kwenye buti usiiweke; omba kiti cha pembeni yako, hata ukilipia. Ukifika, kabla ya kuiwasha, fungua ubavu ubonyeze kila mguu kwa kidole uone kama unacheza.