Flashi ya GB 64 kumbe ni ya GB 8: mafaili hayafunguki, na muuzaji anasingizia virusi

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwezi uliopita nilinunua flashi ya GB 64 kwa shilingi 25,000 katika duka moja hapa Dar es Salaam, ili nihifadhi humo kazi zangu kabla fundi hajapiga Windows upya kwenye kompyuta yangu. Niliweka katika folda moja rekodi 34 za mahojiano niliyofanya na wavuvi wa Kilwa Kivinje kwa miezi saba, pamoja na sura tano za tasnifu yangu. Jumla yake ilikaribia GB 17. Kompyuta haikutoa onyo lolote. Niliyaona majina yote, tarehe zote na ukubwa wa kila faili, nikaridhika, nikamkabidhi fundi mashine.

Ilipokuja kurudi, Mahojiano 01 hadi 15 yalisikika vizuri. Kuanzia 16 ni kimya kitupu, na Word inadai kwamba sura zote tano zimeharibika. Nilirudi dukani, na muuzaji, bila hata kuichomeka flashi yenyewe, akaniambia: "Dada, hivyo ni virusi. Ifomati tu, itakaa sawa." Nilipotaka fedha yangu alinyoosha kidole kwenye maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Si virusi. Virusi vya flashi tulivyovizoea huficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake, lakini kazi yenyewe huwa ipo, na ukiifichua inafunguka. Hapa hakuna kilichofichwa. Nilifungua Sura ya Tatu kwa Notepad, kwa sababu faili la docx ni kifurushi cha ZIP, na kwa hiyo lazima lianze na herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeanzisha umbizo hilo mwaka 1989. Sikuona PK. Sikuona hata herufi moja, ila ukurasa mweupe niliouteremka hadi mwisho, miezi ya kazi yangu ikiwa imegeuka nafasi tupu.

Baada ya kuhamisha rekodi 15 zilizo salama, niliipima flashi kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza data ya majaribio kisha huisoma tena kuona kilichobaki. Baada ya saa nyingi jibu lilikuja: nafasi ya kweli ni GB 7.4. Aliyeitengeneza ameipa chipu yake uongo wa kuiambia kompyuta, nayo kompyuta huamini. Orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa flashi, kwenye sehemu iliyo hai, na ndiyo maana kila kitu huonekana kipo. Maudhui yanayozidi nafasi ya kweli hayaandikwi popote. Mtu anayeuza kitu hiki na kukiita GB 64 ananiibia, na anaponishauri kufomati ananitaka nifute ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Tafadhali, mwenye flashi mpya aipime ikiwa bado tupu, kabla ya kuikabidhi chochote. H2testw ni ya Windows; wanaotumia Linux wanayo programu ya F3 kwa kazi hiyohiyo. Kuona majina hakutoshi. Ichomoe, ichomeke tena, kisha ufungue faili la mwisho kunakiliwa, si la kwanza. Na fundi yeyote asiguse diski ya mteja kabla ya jaribio hilo, maana wangu angeniuliza swali hilo moja tu nisingekuwa hapa.

Kwa bahati diski ya kompyuta yangu ni ya zamani, ya sahani zinazozunguka, nami niliacha kuitumia mara moja. Niliitoa, nikaiunganisha na kompyuta ya rafiki, na PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutika, imeniokolea sura nne na rekodi tisa, zote zikiwa zimepoteza majina na kubaki na namba, hivyo usiku huu ninazisikiliza moja baada ya nyingine ili nijue ni mzee yupi anayezungumza. Sura ya Tatu haimo. Jumamosi ninarudi dukani na matokeo ya kipimo yakiwa yamechapishwa, na risiti ile ile, na sitaondoka kwa neno "virusi".