Wanafunzi wanachora vizuri ila hadithi haionekani, warsha ya vitendo niifanyeje?

mwl_fremu
Habari zenu wadau. Nafundisha animesheni, darasa langu lina vijana 16, na nimepewa siku tatu za warsha ya kusimulia hadithi kwa picha. Shida yangu ni hii, mikono wanayo, maumbo ya mwili wanayajua, programu wanaziendesha kunizidi mimi, lakini ukikaa kuangalia kazi zao hujui nani anataka nini. Mhusika anatembea, anageuka, upepo unapeperusha nywele, vizuri kabisa, afu basi imeisha. Ukimuuliza mwenyewe anakuhadithia kwa mdomo kitu kizuri mpaka unatamani kukiona, ila kwenye picha hakimo. Muhula uliopita niliwafundisha kwa slaidi, shoti pana, klosapu (picha ya karibu), mstari wa nyuzi 180 (kamera isivuke upande wa pili wa wahusika, ili pande zao zisigeuke), wote wakaandika kwenye madaftari na mtihani wakafaulu, na kazi zikabaki vilevile. Safari hii sitaki slaidi, nataka wafanye kwa mikono. Aliyewahi kuendesha warsha ya hivi anisaidie, nianze na nini, na kompyuta niziruhusu lini?

penseli_laini
Mwalimu hapo kwenye kuhadithia kwa mdomo ndio penye ugonjwa, na dawa yake ni kumnyamazisha. Mimi nawapa dakika 20, kila mtu picha sita kwenye vikaratasi vya kubandika, hakuna maneno, hakuna mishale, hakuna maelezo pembeni. Akimaliza anabandika ukutani, anarudi nyuma, na haruhusiwi kusema chochote. Wenzake wawili wanasimama mbele wanasoma kwa sauti wanachokiona, picha moja baada ya nyingine, yeye kazi yake ni kuandika walichosema.

Mara ya kwanza inauma kweli. Nilikuwa na kijana alichora mtu anarudisha funguo za mama yake kimyakimya kabla mama hajaamka, wenzake wakasoma mwizi kaingia ndani. Alitaka kuongea nikamwambia subiri. Tukaangalia, tatizo lilikuwa picha ya tatu, mkono uko kwenye mkoba na uso hauonekani, hapo mtu yeyote atasoma wizi. Akachora upya hiyo moja tu, akaweka uso unamwangalia mama aliyelala na funguo ziko juu ya kiganja kilichofunguka, akabandika, wasomaji wengine wawili wakaipata palepale. Alichojifunza kwenye hiyo picha moja mimi nisingeweza kumfundisha kwa mwezi mzima wa kuongea.

Na tafadhali usiwape zile karatasi za storibodi, yaani michoro ya hadithi iliyopangwa kwa mfuatano, zenye viboksi vilivyochapwa tayari. Storibodi yenyewe ilivyoanza kutumika pale studio ya Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930, faida yake ilikuwa kila mchoro upo kwenye karatasi yake na umebanwa ukutani kwa pini, unaung'oa, unauhamisha, unautupa. Picha isiyong'oka mtu ataitetea hata kama haifai, iking'oka anaiacha iende.

kivuli_cheusi
Naunga mkono hapo juu, naongezea mawili.

La kwanza waondolee nyuso. Vijana wengi wanategemea macho na nyusi kubeba hisia yote, mwili umesimama kama mlingoti. Lile zoezi la zamani la gunia la unga bado linafanya kazi, gunia lililojaa nusu, pembe nne, hakuna mdomo hakuna macho, mwambie gunia limechoka, gunia linaogopa mlango, gunia limeshinda. Wakimaliza wajaze michoro yote rangi nyeusi, ibaki kivuli tu, kama kivuli hakisomeki mkao ni mbovu. Wakikubishia kwamba bila uso haiwezekani waoneshe Luxo Jr. ya Pixar ya mwaka 1986, dakika mbili hivi, taa mbili za mezani na mpira, hakuna uso wala neno, na bado unajua nani mzazi nani mtoto.

La pili kompyuta, mimi ningezifungia mpaka siku ya tatu, na hata hapo ni kwa ajili ya animatiki tu, yaani unapiga picha vile vikaratasi kwa simu, unavipanga kwa muda, unaweka sauti ya kurekodi hapohapo. Wapigie hesabu wenyewe waone, sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita, ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili ni michoro 12, kwa hiyo nusu dakika ni michoro 360. Kosa ukiliona ukutani unachora kikaratasi kimoja, ukilikuta kwenye animesheni iliyokamilika umepoteza wiki.

nyuzi180
Mimi napingana kidogo na hili la kutupa nadharia. Slaidi hazikushindwa kwa sababu ni nadharia, zilishindwa kwa sababu zilitangulia, mtu anapewa jibu la swali ambalo hajawahi kukutana nalo. Subiri ukutani wasomaji wachanganyikiwe, waseme "sasa huyu anamkimbia au anamfuata?", hapo ndio utaje mstari wa nyuzi 180, dakika tano tu, hawatasahau.

Jaribu na hili la Kuleshov. Yule mwongozaji wa filamu wa Kirusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alichukua uso uleule wa mwigizaji usio na hisia yoyote akauunganisha na bakuli la supu, na jeneza, na mwanamke, watazamaji wakaona njaa, huzuni na tamaa. Wewe chora uso mmoja mkavu, toa kopi 16, kila mwanafunzi achore picha moja tu ya kuweka baada yake. Hapo wataelewa kwamba hadithi inakaa kati ya picha na picha, ndio maana kupendezesha picha mojamoja hakuwasaidii.

mwl_fremu
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. @penseli_laini swali moja, nina wawili watatu ni wapole sana, nikiwasimamisha ukutani wakasomwa vibaya mbele ya wote si watajifungia kabisa?

penseli_laini
Wagawe vikundi vya wanne wanne, ukuta wa watu wanne hautishi. Na weka sheria, msomaji haruhusiwi kusema nzuri wala mbaya, anaanza na "naona" basi. Naona mtu, naona ana haraka, naona mlango umefungwa. Halafu wa kwanza kusomwa uwe wewe mwalimu, na uchore upya mbele yao.

mwl_fremu
Narudi na mrejesho, leo ilikuwa siku ya kwanza. Nilianza na picha zangu sita, mzee anapanda mti kutoa kishada cha mjukuu wake, wakasoma mzee anamkimbia mbwa, kwa sababu kishada nilikichora kidogo sana juu kwenye kona na mbwa nilimweka tu kupamba. Nikamtoa mbwa, nikamweka mtoto chini ya mti ameshika uzi uliokatika, ikasomeka. Baada ya hapo hakuna aliyeogopa. Yule binti mpole kuliko wote amebadilisha picha zake mara nne bila kuambiwa, na kila akibandika anaita msomaji mpya ambaye hajaiona. Kesho asubuhi gunia, mchana huo uso mkavu, ila lazima nitafute vikaratasi vingine, vya leo vyote viliisha kabla ya saa sita.