Kipandio cha umeme kwenye basi la kulala: kichukue umeme wapi?

Mwenye Rosa, Mtwara mjini

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoboa bodi. Nina basi dogo la Mitsubishi Rosa nililoligeuza kuwa gari la kulala, lenye kitanda, jiko la gesi na betri ya nyumba (ya matumizi ya ndani ya gari, si ya injini) ya volti 12, ampea-saa 200, inayochajiwa na paneli za sola zilizo juu ya paa. Mama yangu anasumbuliwa na magoti na ngazi ya mlangoni iko juu mno kwake, hivyo nimepata kipandio cha umeme kinachojitokeza mlango unapofunguliwa na kurudi chini ya gari unapofungwa. Kipandio ni cha volti 12, ilhali basi lenyewe ni la volti 24 zinazotokana na betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo. Naona njia tatu: kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili za injini, kufunga kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, au kutumia betri ya nyumba. Fundi wa kwanza niliyemwendea alipendelea njia ya kwanza kwa sababu haina gharama, lakini nimesita.

Fundi umeme wa magari, Masasi

Umefanya vema kusita, kaka. Betri zilizoungwa kwa mfululizo hupitiwa na chaji ileile, kwa hiyo ukiifyonza moja peke yake, hiyo itabaki na njaa kila siku huku mwenzake akilishwa kupita kiasi. Dinamo haiwezi kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa husoma jumla ya volti 28 na kuridhika, hata kama betri moja inapata 13 na nyingine 15. Inayopata 15 huchemka na kukaukiwa maji, na ile ya pili huzeeka kwa kutojaa. Nimeshuhudia jozi mpya ikifa ndani ya msimu mmoja wa korosho kwa sababu ya redio iliyoungwa hivyohivyo, na mwenye gari akaamini kwamba aliuziwa betri mbovu. Njia hiyo iondoe kabisa kwenye hesabu zako.

Mkazi wa Mikindani

Mimi natumia betri ya nyumba, na huu ni mwaka wa nne. Watu huhofia mota, lakini mota yangu huvuta ampea zipatazo 15 kwa sekunde tatu, maana yake hata kipandio kikitembea mara 40 kwa siku, jumla yake ni nusu ya ampea-saa tu. Kinachokula kimyakimya ni kisanduku cha kuongozea, ambacho hukesha kikisubiri mlango ufunguliwe. Changu huvuta miliampea 40, yaani karibu ampea-saa moja kwa siku, nazo sola hunirudishia asubuhi mapema. Mzigo huohuo ukiuweka kwenye betri za injini, na gari likaegeshwa mwezi mzima wa masika, utakuwa umepoteza takribani ampea-saa 30 bila kuwasha hata taa.

Nikuombe sana uzingatie unene wa waya. Ikiwa betri yako iko nyuma, mita sita kutoka mlangoni, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mota ikivuta ampea 20 wakati wa kuanza, volti 1.7 hupotelea njiani, na kipandio hukwama katikati ukadhani mota imekufa. Kwa waya wa milimita za mraba 10 hupotea volti 0.4 tu. Usikubali waya wa umeme wa majumbani wenye uzi mmoja mgumu, kwa kuwa mtikisiko wa barabara ya vumbi huukata ndani ya ganda lake. Rudisha pia waya wa hasi hadi kwenye betri badala ya kutegemea bodi, maana kwa upepo wa chumvi tulio nao huku, ethi (kiungo cha hasi kwenye bodi) ya leo ni kutu ya mwakani.

Dereva wa Kilwa Masoko

Hesabu za ndugu wa Mikindani ni sahihi, ila naona swali lenyewe si betri ipi ina nguvu, bali ni umeme upi una hakika ya kuwepo gari linapoondoka. Nilikuwa na kipandio kwenye betri ya nyumba. Usiku mmoja friji iliishusha betri hadi kifaa cha kinga kikakata umeme wote, na alfajiri niliwasha injini nikaondoka kipandio kikiwa nje. Kiligonga baiskeli iliyobeba madumu ya maji, na mwenye baiskeli aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo nataka kipandio kilishwe na injini, kwa sababu injini ikiwaka, umeme wake upo.

Fundi umeme wa magari, Masasi

Hoja hiyo nzito, nami naipokea. Unaweza kupata vyote viwili kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya njia mbili yenye koili ya volti 24. Ufunguo wa gari ukiwa umezimwa, relei hukiunganisha kipandio na betri ya nyumba. Ukiwashwa, hukihamishia kwenye kifaa cha kushusha volti, ambacho nacho hulala gari likizimwa. Kifaa hicho kiwe cha ampea 30, kwa kuwa cha ampea 10 hujizima mota inapoanza. Na tafadhali, waya wa ishara ya ufunguo, unaokijulisha kipandio kuwa ufunguo umewashwa, usiuingize moja kwa moja kwenye kisanduku chake cha kuongozea cha volti 12, kwani volti 24 zitakiunguza. Ishara nayo ipitie relei yake.

Mkazi wa Mikindani

Naafiki usalama, lakini kila kiungo kinachoongezwa chini ya gari ni mlango wa kutu. Mimi ningeridhika na taa nyekundu kwenye dashibodi, inayowaka kipandio kikiwa nje.

Mwenye Rosa, Mtwara mjini

Nimewaelewa, na ninawashukuru kwa dhati. Nitafuata relei ya fundi, ila relei zote mbili na kifaa cha kushusha volti nitavifunga ndani, chini ya kiti cha dereva, ili chini ya gari zipite nyaya za kipandio pekee, zikiwa ndani ya bomba. Kila chanzo kitakuwa na fyuzi yake ya ampea 30 karibu kabisa na betri. Taa nyekundu nitaiweka pia, ikilishwa na betri za injini kupitia swichi ndogo iliyo kwenye kipandio chenyewe, ili iwake hata kama betri ya nyumba imekatika. Waya wa milimita za mraba 10 nimeshaupata, na Jumamosi nitaanza kuuvuta.