Mende wangu wanakula hela ya kuku, nyie mnawalisha nini cha bei nafuu?

Mama Vifaranga (Morogoro):
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kihonda, nafuga kuku wa kienyeji, na tangu Machi nafuga na mende kwa ajili ya vifaranga. Ndiyo, mende, hawa wekundu wakubwa wenye mabawa. Mume wangu alicheka wiki nzima. Siku hizi hacheki, anauliza tu kwa nini dagaa wa mboga wanaisha upesi.

Ninao kwenye ndoo tatu za lita 20, ndani nimesimamisha vipande vya trei za mayai. Nawapa chakula cha vifaranga cha dukani, dagaa wa kusaga na kipande cha karoti asubuhi. Sasa angalieni hesabu yangu: nilitaka kupunguza gharama ya chakula cha kuku, nimeishia kununua chakula cha kuku nimlishe mende, ili mende naye aliwe na kuku! Uwezo wangu kwa hawa wadudu ni shilingi 3,000 kwa wiki, basi.

Halafu wakubwa wengi mabawa yametafunwa pembeni, na jana nimekuta vifuko viwili vya mayai vimetobolewa, limebaki ganda tupu. Nikaongeza dagaa, wapi. Ndoo ya tatu ndiyo usiseme, ukifungua inakupiga harufu kama ya mkojo mpaka macho yanawasha. Nakosea wapi?

Babu Mende (Kibaha):
Pole mama, ila hesabu yako imenichekesha. Sote tumepita hapo.

Umeandika yote hayo, maji hujayataja hata mara moja. Mabawa kutafunwa na mayai kuliwa, mimi naanza kushuku kiu, kisha msongamano, njaa baadaye. Kipande cha karoti cha asubuhi, kwa jua la Moro, mchana kimeshakuwa kijiti. Chukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, isiyoguswa na sabuni, ikate, iloweshe, iweke juu ya kifuniko cha kopo. Ioshe kila baada ya siku mbili. Bakuli la maji usiweke, watoto wa mende watazama humo wafe.

Dagaa punguza. Mende ana bakteria wake mwilini, Blattabacterium, wanaomsaidia kutumia upya taka ya protini ambayo mwili umeiweka akiba kwenye mafuta. Kwa hiyo anavumilia protini kidogo. Ukimjazia dagaa unalipia kitu anachokwenda kukiweka stoo, na kinachobaki kinaoza, ndiyo harufu hiyo.

Mchanganyiko wangu ni vikombe sita vya pumba laini ya mahindi, kimoja cha mashudu ya alizeti, na nusu ya vumbi la dagaa, lile linalobaki chini ya gunia. Muuzaji wangu hunigawia bure. Naweka kijiko kimoja cha mezani kwa ndoo, na siongezi mpaka wamalize. Maganda ya papai na ndizi naomba kwa muuza juisi, naweka jioni, asubuhi natoa. Kikilala siku mbili kinaota ukungu, na ukungu umeniulia mende wengi kuliko njaa.

Hao wa kwanza uliwatoa wapi?

Tegeta Kuku:
Dada, nyongeza ndogo. Huku kwetu machicha ya nazi hayana mwenyewe, mama lishe anashukuru ukimwondolea. Yaanike kwenye bati mpaka yakauke kabisa, mabichi yanachacha siku hiyohiyo.

Lakini majani ya sokoni ogopa. Mwaka jana niliokota yale majani ya nje ya kabichi yanayotupwa, nikayasuuza juujuu. Asubuhi nakuta ndoo nzima wamelala chali, miguu inatetemeka. Dawa ya shambani hiyo. Na usiku ule nilikuwa nimeshawachotea kuku wachache, nikashinda kutwa nimekaa bandani nawatazama kama ndugu wa mgonjwa. Walipona. Tangu siku hiyo natumia matembele ya uani kwangu tu.

Mama Vifaranga (Morogoro):
Babu, nakiri. Kumi na mbili nilikamata kwenye choo cha jirani.

Babu Mende (Kibaha):
Mama! Hao usiwape kuku hata mmoja. Mende wa chooni anaweza kubeba bakteria wa Salmonella, anaweza kubeba mayai ya minyoo, na pengine ameshakanyaga dawa ya kupulizia. Watenge ndoo yao, wakishataga hamisha vifuko kwenye ndoo safi, tumia watoto. Kifuko kimoja kina mayai kama 15, na jike aliyeshiba anatoa kimoja karibu kila wiki.

Na ukivuna toa madume. Mgeuze chali uangalie mkiani. Wote wana vile vipembe viwili vya pembeni, ila dume ana vijiti vingine viwili vyembamba katikati. Ukitoa majike utarudi kununua chakula cha dukani, maana mtoto wa mende anachukua miezi sita na zaidi kukua.

Mama Vifaranga (Morogoro):
Nimeweka sponji saa moja, sasa hivi nimefungua na tochi. Wamelizunguka kama ng'ombe kwenye lambo, hakuna hata aliyekimbia mwanga. Kumbe masikini walikuwa na kiu tu.

Mume wangu anauliza sponji mpya ya jikoni iko wapi.