Bunduki ya marisau ya mtutu mmoja: kanga na swala?

Swali: Ndugu wanajamvi, bunduki yangu ya kipimo cha 12 (ukubwa wa mtutu) hupakiwa risasi moja tu kwa wakati. Je, itanifaa kwa kuwinda kanga na swala pia?

Jibu la 1: Kwa kanga inafaa sana, mradi usizidi mita 35, kwani zaidi ya hapo marisau (chembe ndogo nyingi zitokazo kwa risasi moja) hutawanyika na ndege huenda na jeraha, jambo linaloniumiza moyo. Kwa swala, marisau madogo hujeruhi tu. Huhitajika risasi ya donge moja, tena kwa karibu.

Jibu la 2: Nakubaliana, ila Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali. Tafadhali waulize maofisa wa wanyamapori kuhusu silaha inayoruhusiwa kwa swala.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na kanga.